Mpangaji wa Mama

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Nimekuficha jambo, na kwa kuwa daktari ameniambia kwa upole kwamba nisiahirishe mambo yangu, nalisema kabla ya salamu. Nyumba hii si yetu tena. Niliiuza. Fundi makochi, ambaye wewe na mama yako mnamjua kama mpangaji wetu wa vyumba vya mbele, ndiye mwenye nyumba. Sisi ndio tunaokaa kwake, vyumba viwili vya nyuma na jiko. Fedha niliyokupa ukaiweke malipo ya kwanza ya nyumba yako haikuwa kiinua mgongo. Kiinua mgongo changu kiliisha zamani, nusu kwenye mabati, nusu kwenye karo yako. Fedha ile ilikuwa kuta hizi.

Sasa salamu. Hujambo? Mimi ni mzima wa kuandika tu. Miguu imevimba mpaka nimekata viatu nyuma nikavigeuza kandambili, na nikitoka chumbani kwenda jikoni inabidi nikae kwanza ndipo nikumbuke nilifuata nini. Daktari anasema moyo ni pampu iliyochoka. Nikamwuliza kama vipuri vimekwisha madukani. Akacheka, kisha akaacha kucheka, nikaelewa.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Tangu macho ya mama yako yazimike, masikio yake yamekuwa manne. Nikinong'ona uani, yeye anajibu akiwa kitandani. Hata sasa ameisikia kalamu, akauliza naandika nini. Nimesema naandika kumbukumbu za mahakamani. Akaniambia, "Kesi zile ziliisha, Bwana Mahakama, na uliowatafsiria wakafungwa wameshatoka. Lala." Kwa hiyo usinijibu kwa simu. Andika, na utume kwa anwani ya duka la Fundi. Yeye atanipa mkononi.

Mama yako hajui chochote. Hilo linanichosha kuliko moyo. Siku Fundi alipohamia nilimwambia nimepangisha mbele ili tupate pesa ya dawa. Akakubali, na tangu hapo amekuwa mwenye nyumba kuliko alivyokuwa tulipokuwa na nyumba. Anamkaripia Fundi kwa kupigilia misumari ukutani. Anamwambia vumbi la sponji lake linaingia kwenye sufuria. Anamwuliza kama kwao walilelewa bila milango, maana hafungi. Fundi, misumari mdomoni, anaitikia, "Samahani mama, haitajirudia mama," ndani ya nyumba aliyoilipia.

Kila mwisho wa mwezi napokea pensheni, nampa Fundi kwenye bahasha, na jioni anabisha hodi kumkabidhi mama yako kodi. Mama anazipapasa noti moja moja, anazifunga kwenye pindo la nguo, na kesho yake ananipa niende sokoni. Pensheni ni ile ile, inazunguka nyumba ndipo igeuke unga. Mwezi uliopita akaona vitu vimepanda bei, akampandishia kodi. Ilibidi niuze saa yangu.

Sikwambii haya ili uone aibu. Nakwambia kwa sababu mapatano yangu na Fundi yalikuwa ya mdomo, kwamba tutakaa hapa mpaka nifumbe macho. Ni muungwana, lakini amesubiri. Na mimi sina muda mrefu. Mama yako ana mwili wa chuma, mikono yake bado inakunja shuka vizuri kuliko yangu. Nikiondoka, yeye atabaki, na kuta anazozijua kwa viganja zitakuwa za watu.

Nimechoka, naishia hapa. Hilo ndilo nililokuficha, na halina zaidi.

Baba yako

*

15 Februari

Baba, shikamoo.

Barua yako niliisoma nimesimama nje ya kiwanda, zamu imeisha, nina unga mpaka kwenye kope. Mwenzangu mmoja wa kwenye tanuri aliniona uso akauliza nani amefariki. Nikamjibu, nyumba. Akadhani natania.

Ungeniuliza, Baba. Neno moja tu. Ningeendelea kupanga. Nilikuwa nimeshazoea, kila mwaka nabeba godoro langu mgongoni kama konokono. Siku niliposaini mkataba nilikupigia simu nikakwambia sasa na mimi nina mlango wangu, nawe ukanipongeza, ukasema mlango ni heshima. Kumbe mlango wenyewe niliung'oa kwako.

Na wala usifikiri umeninunulia kasri. Ghorofa ya tatu, ngazi hazina taa, bomba la jirani wa juu linavuja kwangu. Dari ya sebule ina doa linalokua kila mvua. Nilikuwa nikilitazama nasema, hata doa ni langu. Sasa nikilitazama naona mabati yenu. Benki kila mwezi inakula mshahara kabla sijauona, kilichobaki nauli. Nimechoka kiasi kwamba hata kukukasirikia vizuri siwezi.

Lakini usinizungukie. Umeandika kurasa mbili kufika kwenye swali, kisha hukuliuliza. Unataka nimchukue Mama. Baba, mimi nilishamtaka.

Kumbuka ile likizo kabla sijanunua. Nilikuwa nimeona nyumba mbili, moja ya chumba kimoja, moja ya vyumba viwili. Nilikuita uani nikakwambia nataka ya viwili, na cha pili ni cha Mama. Wewe bado ulikuwa na nguvu, ungeweza kujihudumia na kuja kututembelea. Yeye alikuwa anahitaji mkono wa mwanamke wa kumwosha na kumvalisha. Sikumwendea mwenyewe kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonilea. Jambo zito halisemwi uso kwa uso, lipitie kwa mtu wa kati, ili anayekataa asimvunje anayeomba. Nikakutuma kama watu wanavyotuma mshenga. Uliingia ndani, ukakaa, ukatoka na jibu: "Nyumbani kwangu nitatoka nimebebwa. Siendi kuwa mzigo kwa mtoto."

Maneno hayo ninayo mpaka leo. Usiku ule sikulala, na asubuhi alipoagana nami aligeuza uso upande wa ukuta. Nikasema basi, ameshasema.

Simlaumu. Ila sitamwomba mara ya pili. Kile chumba nimempangisha mwenzangu wa kiwandani, anachangia deni la benki. Nitakachofanya ni hiki: nitamwandikia Fundi, nimlipe kodi ya kweli ya vile vyumba viwili, Mama abaki alipo, na asijue kitu. Alizichagua kuta zile. Akae nazo.

Meza dawa zako. Na saa nitakununulia nyingine, siyo nzuri sana.

Mwanao

*

27 Februari

Dada,

Salaam. Mimi si mtu wa kuandika, mkono wangu umezoea nyundo, unisamehe mistari ikipanda na kushuka.

Kwanza, mzee alianguka. Alikuja dukani kuulizia kama kuna barua, akashika mlango, akateleza taratibu kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Tulimlaza kwenye kochi la mteja ambalo sijalimalizia. Alipozinduka akaniuliza kitambaa hiki bei gani mita. Sasa yuko kitandani, anapumua kwa kuhesabu, lakini anaongea. Mama anamlisha kwa kijiko na hamwagi hata tone.

Pili, pesa uliyotuma naona niirudishe. Usinielewe vibaya. Unajua mke wangu na watoto wanakaa wapi? Wamepanga chumba ng'ambo ya soko, maana vyumba vya mbele vimejaa makochi na sponji. Mimi nimenunua nyumba na mke wangu ni mpangaji. Kila mwaka anauliza, hiyo nyumba yako tutaiona lini, au uliota? Namwambia vumilia, mzee ni mgonjwa. Lakini kumwambia mtu vumilia mpaka mwingine afe ni maneno mabaya, nimechoka kuyasema.

Tatu, siku ya kuuziana nilimwuliza mzee, na mama je? Akaniambia mama atakwenda kwako, kwamba ulishamtengea chumba chenye dirisha la asubuhi. Nilikubali kwa neno hilo. Kama si hilo nisingenunua nyumba yenye mama wa watu ndani.

Mama ni mtu mwema. Akinigombeza asubuhi, mchana ananiachia chai, na kikombe anakifunika kwa kisahani nzi wasiingie. Juzi aliniuliza, wewe unayepeleka makochi maghorofani, mwanamke mzee asiyeona anaweza kufika ghorofa ya tatu? Nikamwambia akishika reli anafika. Akaniambia nifunge mlango.

Nitasubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao nijue mama anakwenda wapi. Samahani sana.

Fundi wa makochi

*

8 Machi

Baba,

Shikamoo, na pole. Fundi ameniandikia. Pesa imerudi ikiwa imekunjwa vile vile nilivyoikunja.

Sijui kwa nini ulimwambia Fundi kwamba Mama anakuja kwangu, ilhali wewe mwenyewe ndiye uliyeniletea jibu lake. Labda ulitaka biashara iishe. Sikuulizi. Umelala kitandani, na mimi sitaki kuwa mtoto anayemhoji baba yake kama askari. Nimejiuliza maswali yangu mwenyewe usiku kazini, huku mikate inapita, na nimepata majibu yangu.

Jumapili nilipiga simu kumsalimu Mama, nikasema kama kawaida, habari za huko, nzuri. Yeye akawa na maneno mengi. Jua linaingia kwangu upande gani? Majirani wana watoto? Ngazi zina reli? Nikamjibu kwa ufupi. Mtu aliyeikataa nyumba anaulizia reli ya nini? Nikahisi ananichokoza, ananikumbusha kwamba ghorofa si mahali pa watu. Mama ana kejeli za upole, unazijua, huuma ukishafika nyumbani.

Sasa sikiliza. Karibu na kiwanda kuna nyumba ya kulelea wazee. Niliingia nikaikagua. Ni safi. Vitanda vimepangwa ukutani, kila mmoja na kabati lake dogo, na msimamizi ni mwanamke mkimya aliyenionyesha hata bafu bila mimi kuuliza. Kuna nafasi moja, na wanapokea asiyeona. Nimewaambia nitasaini mwisho wa mwezi. Mwenzangu akihama nitakosa mchango wake wa benki, na hata kama angehama, sitamwita Mama kwangu nisikie hapana kwa mdomo wake mwenyewe. Ile iliyopitia kwako ilinitosha.

Nitakuwa namtembelea nikitoka zamu. Alisema hataki kuwa mzigo kwa mtoto. Basi hatakuwa.

Wewe ndiye utakayemwambia, kuhusu nyumba na kuhusu kitanda. Wewe ndiye mtu wa kati, Baba. Ukimaliza, upumzike. Hakuna tutakachokudai.

Mwanao

*

17 Machi

Mwanangu,

Usisaini.

Naandika mistari mitatu napumzika, naandika mingine. Mama yako yuko karibu na anaisikia kalamu, lakini leo hajauliza. Utajua kwa nini.

Nilimwambia juu ya nyumba. Nilianza mbali, kama ilivyo kawaida yangu, na yeye akanikatiza akasema, "Kata maneno, moyo wako hauna pumzi za kupamba." Nikasema nyumba niliiuza, na Fundi ndiye mwenyewe. Mikono yake ikalala mapajani. Kisha akasema, "Na mimi nilimpandishia kodi." Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta macho, na sikujua mwisho wa kicheko ulikuwa wapi na kilio kilianzia wapi. Alimwita Fundi, akamwomba radhi kwa kila msumari. Fundi naye alisimama hapo analia kama mtoto, anasema hapana mama, zile kuta zilihitaji kusemewa.

Nilidhani atanilaani. Alichouliza ni kama ile fedha ilikutosha, na kama mlango wako ni imara. Kisha akauliza, "Basi mimi nitakwenda wapi?" Sikuweza kulitaja neno la kitanda ulichomtafutia. Nikasema mwanao anafikiri. Akajibu, na namnukuu kama nilivyozoea kuwanukuu watu mbele ya hakimu, neno kwa neno: "Asifikiri sana, atachoka. Miaka yote hii hajaniita kwake hata siku moja, na mimi simlaumu. Nani anataka kipofu nyumbani?"

Mwanangu, nilipokuandikia mara ya kwanza nilisema halina zaidi. Lilikuwa na zaidi.

Unajua kazi yangu ilikuwa nini. Nilisimama kati ya watu wasioelewana lugha, nikabeba maneno ya huyu kwenda kwa yule. Nilikula kiapo nisiongeze wala nisipunguze. Nilitafsiri matusi kama matusi. Mwizi aliposema hakuiba, nilisema hakuiba, japo nilimwona anatetemeka. Mwanamke mmoja alipomwambia mumewe mahakamani kwamba hajawahi kumpenda, hakimu mwenyewe alinitazama akitamani nilainishe, na sikulainisha. Nilijisifu kwa hilo mpaka nikawachosha nyinyi mezani. Ndiyo maana uliponituma, hukuwa na sababu ya kushuku.

Jioni ile uliponiita uani, nilikusikia vizuri. Ulisema cha pili ni cha Mama. Ulisema mimi nina nguvu, nitajihudumia. Hukukosea, nilikuwa nazo. Lakini nilipokuwa natembea kutoka kwako kwenda kwake niliiona nyumba hii bila yeye. Niliona nafungua mlango na hakuna anayeuliza ni nani. Tangu nistaafu, mama yako ndiye mtu pekee ninayemsomea gazeti. Ndiye pekee anayenikatiza. Watu husema kipofu humtegemea anayeona. Kwetu ilikuwa kinyume, ila mimi nilijua kujificha nyuma ya fimbo yake.

Ulipoondoka ukiwa umeinamisha kichwa, na nikasikia unataka kuchukua ile nyumba ya chumba kimoja kwa kuwa huna haja ya viwili, dhamiri ilinibana. Nikatafuta mnunuzi. Nilitaka uipate ile ya viwili hata hivyo. Watu wa mtaani waliosikia kwamba nimekusaidia walinipongeza, wakasema wazazi wa namna hii wamebaki wachache. Ule haukuwa msaada. Mahakamani tungeuita fidia, na fidia hulipwa na aliyekosa.

Na nilipoulizwa na Fundi, nikasema mama atakwenda kwako, una chumba. Ndilo neno la kweli pekee nililosema mwaka ule, na nililisema kwa mtu asiyehusika.

Ulipohamia, mama yako aliniuliza nimweleze nyumba yako ilivyo. Nikamweleza sebule, jiko, vyumba viwili. Akauliza cha pili ni cha nani. Nikasema cha mgeni. Akasema, "Mgeni ana bahati." Hakuuliza tena. Asubuhi ile ya likizo alipogeukia ukuta ukiagana naye, alikuwa anakusubiri useme, na hakutaka uone anasubiri. Nyote wawili nimewafundisha adabu ile ile, na nyote mkaishika kuliko mimi.

Nilifikiri nife nayo. Ningeweza. Barua yako ya kitanda na kabati dogo ndiyo iliyonishinda. Naweza kuzikwa nikiwa mwongo, lakini siwezi kuzikwa huku yeye akipapasa ukuta wa watu akiamini kwamba mwanawe hamtaki, nawe ukipita pale baada ya zamu ukiamini kwamba mama yako alikukataa.

Usinijibu mimi. Piga simu, umwombe yeye mwenyewe, kwa mdomo wako, usipitishe kwa mtu. Na usiogope jibu.

Jioni ile niliingia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo zilizokauka. Akauliza, "Mwanao anasema nini huko uani?" Nikamwambia anasema joto limezidi. Nikakaa pembeni yake muda wa kutosha mtu kuuliza na mwingine kufikiri na kujibu. Kisha nikatoka, nikakuletea maneno niliyoyatunga mlangoni.

Mama yako hakukukataa. Sikumwuliza.

Baba yako